Upimaji wa Vifaa vya USB Kiwandani: Nani Atampima Mpimaji?

"Shikamoo, mwalimu," alisema mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliponijia ofisini miaka michache iliyopita, na kabla sijamaliza kumwitikia akaweka mezani flashi moja ya rangi ya fedha. "Mahojiano yangu yote yamo humu, lakini hayafunguki." Alikuwa amekaa vijijini miezi mitano akirekodi sauti za wazee, na kila jioni alizihamishia rekodi zake ndani ya flashi hiyo, aliyoinunua dukani mjini. Juu ya ganda lake palichapwa ujazo wa gigabaiti 64. Kompyuta nayo, ilipoulizwa, ilijibu gigabaiti 64. Tulipoipima kwa kuandika na kusoma tena kila sehemu yake, tuligundua kwamba kumbukumbu iliyokuwamo kweli haikuzidi gigabaiti 8. Rekodi za mwezi wa kwanza zilisalimika. Zilizofuata zilipokelewa, zikathibitishwa kwamba zimehifadhiwa, zikatupwa.

Sikisimulii kisa hiki ili kumlaumu muuza duka, ambaye huenda naye aliuziwa kitu asichokijua. Nakisimulia kwa sababu flashi ile ingeweza kupita bila kikwazo katika namna ya upimaji ambayo kiwanda kidogo chochote huweza kuridhika nayo: kuchomeka, kungoja mlio wa kompyuta, kutazama jina lililotokea kwenye skrini, na kutia alama ya vema. Makala haya yahusu jinsi kazi hiyo inavyokabidhiwa mashine, na hasa swali moja ambalo, kwa maoni yangu, halipewi uzito unaolistahili: mashine ikisema kwamba kifaa ni kizima, twajuaje kwamba imekipima?

Mgeni apigaye hodi

Kiwanda cha vifaa vya elektroniki hupima mara nyingi kabla ya mwisho. Bodi ya saketi itokapo kwenye tanuri la kulehemia, kamera huitazama kama kila kipande kimekaa mahali pake. Kisha sindano nyembamba hugusa sehemu zake mbalimbali na kupima ukinzani na volti. Hata hivyo, makosa mengine huzaliwa baada ya hapo: parafujo iliyobana waya, betri iliyogeuzwa, programu ya toleo la zamani iliyotiwa kwa haraka, lebo ya kifaa kimoja iliyobandikwa juu ya kingine. Ganda likisha kufungwa, mara nyingi mlango pekee uliobaki wa kukiuliza kifaa habari zake ni tundu la USB. Hapo ndipo hufanywa upimaji wa mwisho wa mstari, muda mfupi kabla ya kifaa kutiwa ndani ya boksi.

Utaratibu wa USB ulitolewa Januari 1996 na kampuni saba, nazo ni Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Northern Telecom, ili kibodi, printa na vifaa vingine visihitaji kila kimoja aina yake ya plagi. Toleo la 2.0 lilifuata mwaka 2000, la 3.0 mwaka 2008, na plagi ya aina ya C, ile ichomekwayo upande wowote, ilitangazwa mwaka 2014. Mambo mengi yamebadilika tangu toleo la kwanza, lakini adabu ya mgeni na mwenyeji imebaki karibu ile ile.

Kifaa kikichomekwa hupiga hodi kwanza. Katika vifaa vya kawaida hodi hiyo ni rezista ya omu 1,500 iliyounganishwa na mmoja wa nyaya mbili za habari. Ikiwa kwenye waya mmoja, kompyuta hufahamu kwamba mgeni ataongea kwa mwendo wa biti milioni 12 kwa sekunde. Ikiwa kwenye waya wa pili, ataongea polepole, biti milioni 1.5. Baada ya hapo kompyuta humtuliza mgeni, humpa namba ya kiti kati ya 1 na 127, kisha humhoji: mtengenezaji wako ni nani? Wewe ni aina gani? Namba yako ya mfululizo ni ipi? Wahitaji mkondo wa umeme kiasi gani? Kwa kanuni za USB 2.0, mgeni haruhusiwi kunywa zaidi ya miliampea 100 kabla ya kukubaliwa, na akisha kukubaliwa asizidi kiasi alichokiomba, ambacho nacho hakiwezi kupita miliampea 500.

Msomaji aangalie jambo moja. Majibu hayo yote ni maneno ya mgeni mwenyewe. Jina limeandikwa ndani ya chipu na yeyote aliyetaka kuliandika. Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ya Uskochi, ambayo chipu zake za kuunganishia vifaa na kompyuta huigwa sana, ilisambaza toleo jipya la programu yake kupitia Windows. Programu hiyo iliwekea chipu bandia namba ya aina ya 0, na kompyuta zikaacha kuzitambua. Lawama zilikuwa nyingi, na kampuni ikaiondoa programu ile. Lakini kwa mpimaji funzo lilikuwa jingine: walikuwapo watengenezaji waliouziwa chipu bandia bila kujua, wakazitia katika bidhaa zao, zikaulizwa majina, zikajibu vizuri, zikapita.

Hata kifaa cha kweli huweza kupotosha bila kukusudia. Kifaa cha USB 2.0 chenye uwezo wa biti milioni 480 kwa sekunde huanza kwa mwendo wa milioni 12, kisha hupatana na kompyuta kuongeza. Mapatano hayo yakishindikana, pengine kwa sababu ya lehemu mbaya, kifaa hubaki kwenye mwendo mdogo na kuendelea na kazi bila kulalamika. Vivyo hivyo plagi ya USB 3 ambayo miguu yake ya ziada haikushika: hurudi kwenye mwendo wa USB 2. Mlio wa kompyuta unasikika, jina linatokea, na mfanyakazi aliyekwisha kuchomeka vifaa mia sita tangu asubuhi hawezi kuona tofauti.

Kituo cha kupimia

Tuseme sasa kiwanda kimeamua kuiachia mashine kazi hii. Kituo cha namna hiyo si kitu cha ajabu. Huwa na kompyuta, chanzo cha umeme kinachoweza kuamriwa, mita ya kupimia mkondo, rilei za kukata na kuunganisha nyaya, kiunzi cha kushikilia kifaa, kisoma-milia cha kusomea lebo, na programu iongozayo vyote hivyo. Kazi ya fundi ni kukiweka kifaa na kukitoa.

Mpangilio wa hatua una maana yake. Hatua ya kwanza si kukiuliza kifaa jina, bali kuhakikisha kwamba nyaya zake za umeme hazijapiga shoti, kwa kupitisha mkondo mdogo sana. Kifaa chenye shoti kikipewa umeme wote huweza kuunguza rilei au kuzima kituo kizima, na hapo kibovu kimoja husimamisha kazi ya saa nzima. Ndipo umeme hutolewa, na mita hutazama mkondo wa papo kwa papo wa kujaza kapasita. Hufuata mahojiano, nayo huwekewa kikomo cha muda: kifaa kinachochukua sekunde 9 kujibu mahali ambapo wenzake huchukua sekunde 1 kina jambo, hata kama hatimaye kitajibu. Kisha huhakikiwa mwendo waliopatana, toleo la programu iliyomo, na kazi yenyewe ya kifaa: kama ni kipaza sauti kisikilizwe, kama ni kumbukumbu iandikwe na kusomwa. Kifaa huamriwa kulala, na mkondo wake wa usingizini usizidi miliampea 2.5. Mwisho kabisa ndipo hupewa namba yake ya mfululizo na lebo. Nimeona mahali ambapo lebo ilichapwa mwanzoni ili kuokoa sekunde chache, na matokeo yake vifaa vilivyokataliwa vilizagaa karakanani vikiwa na lebo za vifaa vizima.

Kuna mambo mawili yanayowashangaza wahandisi wanaoanza kazi hii. La kwanza ni uchakavu wa plagi. Tundu la kawaida la USB la aina ya A hutakiwa kustahimili kuchomekwa na kuchomolewa mara 1,500 tu. Kwa mtumiaji wa nyumbani hiyo ni miaka mingi. Lakini kituo kinachopima kifaa kimoja kila sekunde 30 huchomeka mara 960 katika zamu ya saa 8. Kwa hiyo tundu lake hufikia kikomo kabla zamu ya pili haijamalizika. Baada ya hapo miguu hulegea, ukinzani huongezeka, na vifaa vizima huanza kukataliwa kwa kosa ambalo si lao. Tundu dogo la aina ya C hustahimili mara 10,000, ambazo kwa mwendo huo ni zamu kumi na zaidi kidogo. Dawa yake ni ya kifundi kabisa: baina ya kituo na kifaa huwekwa kipande kifupi cha kuunganishia, cha bei ndogo, kinachobadilishwa kwa hesabu ya programu wala si kwa kungoja kiharibike. Wengine huacha tundu kabisa na kutumia sindano zenye springi, ikiwa umbo la kifaa laruhusu. Lakini anayetumia sindano akumbuke kwamba hakulipima tundu la kifaa, na huenda tundu ndilo lililolehemiwa vibaya.

La pili ni ukarimu wa Windows. Kila kifaa chenye namba yake ya mfululizo huhesabiwa na Windows kuwa mgeni mpya, na huwekewa kumbukumbu yake ya kudumu. Vifaa vinavyojitambulisha kama bandari za mawasiliano hupewa kila kimoja namba yake ya bandari, na namba hizo huishia 256. Nyumbani hilo halimsumbui mtu. Kiwandani, kompyuta ya kituo humaliza namba hizo katika siku moja, kisha husimama huku ikingoja wageni waliokwisha kupakiwa melini warudi kudai nafasi zao. Microsoft yenyewe imeweka njia ya kuiagiza Windows isitazame namba ya mfululizo ya aina fulani ya kifaa, bali itazame tundu kilipochomekwa. Na hiyo ndiyo kanuni bora hata kwa mifumo mingine: kituo kipimacho vifaa vinane kwa pamoja kitambue kila kimoja kwa mahali kilipokaa, si kwa jina kinalojipa. La sivyo kifaa cha kiti cha tatu huweza kukataliwa kwa dhambi za kifaa cha kiti cha tano.

4.73

Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari nchini Ujerumani, nilifanya kazi kwa miezi kadhaa katika kiwanda kidogo kilichotengeneza virekodi joto. Hivi ni vifaa vya ukubwa wa kiberiti, ambavyo huwekwa pamoja na mizigo isiyotakiwa kupata joto, na mwisho wa safari huchomekwa kwenye kompyuta ili vieleze mzigo ulipitia joto gani. Chanjo nyingi, mathalani, hutakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi kutoka kiwandani hadi zahanati. Kirekodi kikizimika njiani, mpokeaji hana njia ya kujua kama chanjo zile bado zafaa, naye akiwa mwangalifu hulazimika kuzitupa.

Nilipewa jukumu la kuandika programu ya kituo cha kupimia, na sina budi kukiri kwamba nilijivuna nayo. Kazi iliyochukua dakika nne kwa mkono ilichukua sekunde 40. Mojawapo ya hatua zake ilikuwa kukata nyaya za USB kwa rilei, kungoja kifaa kilale, kisha kupima mkondo kinachouvuta kwenye vishikio vya betri. Mkondo huo hautakiwi kuzidi mikroampea 10. Betri ya kidonge ya aina ya CR2032 huwa na takriban miliampea-saa 220. Kwa mkondo wa mikroampea 5 yatosha kwa hesabu miaka mitano, lakini kwa mikroampea 500 huisha baada ya siku 18.

Mama mmoja mtu mzima, aliyefanya kazi kwenye mstari ule kwa miaka mingi, alikuwa na desturi ya kusoma karatasi za matokeo wakati wa mapumziko ya kahawa. Siku moja aliniita akaniuliza kwa upole kama ni jambo la kawaida vifaa kumi na kimoja vilivyofuatana kuwa na kipimo kimoja hadi tarakimu ya mwisho. Wino ulikuwa mbele yangu: 4.73, 4.73, 4.73. Nikaanza kumjibu kwa maelezo marefu kuhusu ubora wa uzalishaji. Katikati ya maelezo nikanyamaza.

Mita yenyewe iliunganishwa na kompyuta kwa USB, na kwa kuokoa waya niliichomeka kwenye hubu ile ile iliyobeba vifaa vilivyopimwa. Kifaa kimoja kilichovuta mkondo mkubwa wa ghafla kiliishtua hubu, mita ikapoteza mawasiliano, wala haikurudi. Programu yangu ilipoomba kipimo ilipata kosa. Nami, wiki moja kabla, nilikuwa nimeiandika isisimame kwa kila kosa dogo, maana msimamizi alilalamika kwamba inasimama mno. Kwa hiyo iliendelea, na katika kile kisanduku cha kumbukumbu palikuwa bado pamelala kipimo cha kifaa kizima cha mwisho. Kuanzia hapo kila kifaa kilipimwa kwa mkondo wa mwenzake.

Ikabidi maboksi yote ya siku hiyo yafunguliwe, vifaa 214. Viwili vilikuwa vikivuta zaidi ya mikroampea 500. Vingefika bandarini vikiwa hai na kufa baharini.

Masahihisho yalichukua saa moja. Mita ilihamishiwa kwenye tundu lake peke yake. Kisanduku cha kipimo kilifutwa kabla ya kila kifaa na kujazwa thamani isiyoweza kukubaliwa, hivi kwamba kukosekana kwa kipimo kukawa sababu ya kukataa. Lakini sahihisho kubwa lilitoka kwa mama yule yule. Alileta vifaa vitatu kutoka sanduku la vibovu, kila kimoja na kosa lake linalojulikana, akavipaka rangi nyekundu ya kucha, na akaomba kwamba asubuhi, kabla ya kifaa chochote kingine, kituo kivipime hivyo. Kikikubali hata kimoja, kazi isianze. Katika masomo yangu yote hakuna aliyekuwa amenifundisha jambo hilo. Tulizoea kuweka kituoni kifaa kimoja kizima kabisa cha kulinganishia, na kifaa hicho ni muhimu. Lakini kifaa kizima huthibitisha tu kwamba mashine yajua kusema ndiyo, na hata mashine iliyokufa huweza kusema ndiyo.

Mashine ikataayo mno

Kosa la upande wa pili lina madhara yake, nayo ni ya taratibu zaidi. Tuchukue mfano wa vifaa 1,000 ambavyo 5 kati yake ni vibovu, na kituo kinachokamata vibovu vyote lakini hukataa kimakosa kizima kimoja katika kila mia. Kituo hicho kitakataa vile 5, na pamoja navyo vizima kama 10. Mfanyakazi akivipima upya vile 15 atakuta kwamba theluthi mbili havina kosa. Hatahitaji hesabu za juu kufikia uamuzi wake: kituo hiki ni kigomvi. Tangu siku hiyo, kifaa kikikataliwa atakirudisha, na kikikataliwa tena atakirudisha tena.

Kurudia huko ni hatari kuliko kunavyoonekana. Kifaa chenye kosa la kuja na kuondoka, kinachoweza kupita mara moja katika majaribio matatu, kikipewa nafasi tatu kina uwezekano wa takriban 70 katika 100 wa kupita angalau mara moja. Yaani mashine imekikamata, na kidole cha binadamu kimekiachilia. Kwa hiyo ni heri kituo kihesabu majaribio ya kila namba ya mfululizo, na kifaa kilichokataliwa mara mbili kisikubaliwe tena na kituo chochote mpaka fundi mwingine akione.

Njia ya kupunguza ugomvi wa kituo si kulegeza mipaka kwa kubahatisha. Kwanza chukua kifaa kimoja ukipime mara thelathini, ukikichomoa na kukichomeka upya kila mara. Ukipata vipimo vilivyotawanyika sana, mtawanyiko huo ni wa kituo chako, maana kifaa ni kile kile. Mpaka wa kukubali na kukataa hauna maana ikiwa kituo chenyewe chayumba kuliko tofauti iliyopo baina ya kizima na kibovu. Nimekutana na vituo ambavyo mtawanyiko wake ulikuwa nusu ya upana wa mipaka. Vilikuwa na skrini nzuri sana.

Mwuguzi aenezaye ugonjwa

Kuna jambo jingine ambalo mwongozo wa kutengeneza vituo huweza kuligusa kwa mstari mmoja tu. Kituo cha mwisho wa mstari hugusa kila kifaa kinachotoka kiwandani. Kikiwa na ugonjwa, humwambukiza kila mteja.

Oktoba 2006 kampuni ya Apple ilitangaza kwamba baadhi ya iPod za video zilizouzwa tangu Septemba 12 ya mwaka huo, chini ya asilimia 1, zilitoka kiwandani zikiwa na kirusi cha kompyuta za Windows kiitwacho RavMonE. Chanzo kilitajwa kuwa kompyuta moja ya Windows katika mstari wa uzalishaji wa kiwanda kilichoziunda. Mwaka 2017 IBM nayo iliwaonya wateja wa mitambo yake ya kuhifadhia habari ya Storwize kwamba flashi zilizotumwa pamoja na baadhi ya mitambo hiyo zilikuwa na faili lenye madhara, ikawashauri waziharibu.

Kompyuta ya kituo, basi, isiwe kompyuta ya kila kitu. Isitumiwe kwa barua pepe; isichomekwe flashi ya fundi yenye muziki; na kama kifaa kinachopimwa kina kumbukumbu ndani yake, hatua ya mwisho iwe kulinganisha yaliyomo na nakala asilia, baiti kwa baiti, kwa mashine nyingine isiyoandika chochote.

Flashi ya mwanafunzi

Wanafunzi wangu na mimi tumejenga kituo kidogo idarani. Si cha mwisho wa mstari, maana hatuna kiwanda. Ni cha mlangoni mwa mnunuzi, na kanuni zake ni zile zile. Tulitumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kipima mkondo cha INA219, rilei nne, na hubu moja ya aina iwezayo kuamriwa kukata umeme tundu kwa tundu. Hubu nyingi husema zina uwezo huo na hazina. Tulinunua tatu kabla ya kupata ya kweli. Mita, ni wazi, haiko kwenye hubu.

Kazi ngumu ilikuwa kupima ujazo wa flashi kwa ukweli. Kuandika gigabaiti 64 kwa mwendo wa megabaiti 20 kwa sekunde huchukua sekunde 3,200, yaani dakika 53, na kuzisoma tena huongeza muda. Programu ya H2testw, iliyotolewa na gazeti la kompyuta la c't la Ujerumani, hufanya hivyo hivyo, na majibu yake ni ya kuaminika. Lakini mstari wa uzalishaji hauwezi kungoja saa nzima kwa kila kifaa, wala mnunuzi mwenye flashi mia mbili. Programu ya F3, iliyoandikwa na Michel Machado na kutolewa bure, ina njia ya mkato. Badala ya kujaza flashi nzima, huchagua sehemu chache zilizosambaa, huandika katika kila sehemu alama yake ya pekee, kisha huzisoma zote. Flashi ya ulaghai ya namna moja huzungusha: sehemu ya mbali huangukia juu ya sehemu ya karibu, na mahali pa alama ya kwanza hukutwa alama ya nyingine. Ya namna ya pili, kama ile ya mwanafunzi wangu, hupokea na kutupa, na kwenye sehemu ya mbali hakukutwi kitu. Tahadhari moja yahitajika: flashi nyingine huwa na kumbukumbu ndogo ya muda, na ukisoma mara tu baada ya kuandika itakurudishia ulichokiandika punde hivi. Kwa hiyo sisi hukata umeme kwa rilei baada ya kuandika, tukangoja sekunde tano, ndipo tukasoma.

Mahojiano yaliyopotea hayakupatikana. Mwanafunzi alirudi vijijini kwa majuma sita, na wazee wawili kati ya wale aliowarekodi walikuwa wamekwisha kufariki. Flashi yake aliniachia. Tumeipaka rangi nyekundu, na siku za kazi, saa mbili asubuhi, mmoja wa wanafunzi huichomeka katika tundu la kwanza la kituo na kungoja ikataliwe kabla ya kufungua boksi la siku hiyo.